Mtu wa Badala wa Kijiji cha Obata

Ukiwauliza wanaume vita huanzaje, watakunja miguu na kukuhadithia mambo ya mabwana wa ngome: huyu kamsaliti mjomba wake, yule kaitamani nchi ya jirani. Porojo tupu. Mimi nimezaliwa vitani, nimeolewa vitani, nimefiwa vitani, na vita nilivyoviona kwa macho yangu vilianzia kwenye majani ya mbolea. Vikapanda kilima, vikashuka upande wa pili, ndipo mabwana waliposikia harufu wakaja mbio. Lakini leo sina haja na mabwana. Nataka kumsema Matashichi, kwa sababu tangu afe nawasikia vijana wakimfanya shujaa, eti alisimama mbele ya kijiji kizima cha Kurami na upanga mkononi. Upanga! Matashichi alikuwa anamwogopa hata jogoo.

Alikuja kwetu Obata wakati wa theluji, kitoto cha kike kimefungwa mgongoni. Kwao ng'ambo ya ziwa askari walikuwa wamechoma kila kitu, na mkewe alifia njiani. Alisimama mlangoni mwa hekalu akiomba uji wa shayiri, na ndani wazee wetu walikuwa wanabishana wampe au wamfukuze. Kijiji chetu hakikuwa na mapenzi na wageni. Mgeni leo anataka uji, kesho anataka maji ya mfereji.

Mimi nilikuwa pale nje na ndoo yangu. Mume wangu nilimzika wakati wa mavuno, mtoto wangu mchanga akamfuata, na maziwa yalikuwa bado yananilowesha nguo. Kile kitoto kikalia. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilikichomoa mgongoni mwa baba yake, nikaketi kwenye ngazi za hekalu, nikakinyonyesha mbele ya kadamnasi.

"We Ine, huna haya?" akafoka mzee Genpachi, mkuu wa kijiji.

"Haya ninayo, mzee. Ila maziwa ninayo zaidi."

Matashichi akacheka. Midomo imempasuka kwa baridi, mifupa inahesabika, na bado akacheka. Nilimkasirikia papo hapo, na mpaka leo sijui kwa nini.

Wakamkubali, lakini kwa sharti. Vijiji vya kwetu vina desturi yake. Mtu wa kijiji hiki akimuua mtu wa kijiji kile, wenye maiti hawamdai muuaji. Wanadai mtu, basi. Kijiji kinamtoa mmoja wake, anakwenda kwa miguu yake, nywele zimefunguliwa na mzigo wa kuni mgongoni, anapiga magoti langoni kwao. Wao ndio wenye kusema: wamchome kwa kuni zake, wamkate, au wamtazame uso, watosheke, wamrudishe kwao. Wengi walirudishwa. Wengine hawakurudishwa. Na kwa kuwa hakuna anayependa kumchagua mwanawe, vijiji vyenye akili humweka mtu wa namna hiyo mapema, akala na kulala bure, kama unavyoweka ndoo ya maji karibu na jiko.

Genpachi hakumficha kitu, hilo nitampa haki yake. "Utapata kibanda kando ya hekalu na chakula. Siku ikifika, utakwenda. Usije ukatuambia hukuelewa."

"Na mtoto?" Matashichi akauliza.

"Atahesabiwa wa Obata. Siku ya sikukuu atakaa na watoto wetu, na akikua ataolewa hapahapa."

"Basi nimeelewa, mzee. Anaitwa Fuki."

Hakuuliza lingine. Akaingia kwenye kile kibanda, akalala usingizi mzito mpaka tukadhani kafa.

Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe mwitu mashambani na kusuka ndara za majani ya mpunga. Ndara zake zilikuwa nzuri. Kuimba ndiko kulikomshinda, lakini aliimba tangu alfajiri, mpaka majirani wakisema nguruwe hawaogopi fimbo yake, wanaikimbia sauti. Kwangu alikuja kila siku kumleta mtoto anyonye, na mtoto alipoacha ziwa, yeye hakuacha kuja. Mimi nilikuwa nasaga soya na kugandisha tofu. Yeye anakula, kisha anaitukana.

"Ine, tofu ya leo ngumu. Nusura nivunje jino."

"Jino lipi tena? Hebu fungua mdomo tuone kama kuna lililobaki."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Fuki akaniita mama, na hakuna aliyemkataza. Watoto wakamzoea Matashichi, wanawake wakamtuma kuni, wanaume wakamwita kwenye pombe ya mchele. Miaka ikapita bila damu kilimani, na kijiji kizima kikasahau kwa nini yule mtu analishwa. Nasema kijiji. Mimi sikusahau hata siku moja. Kila kengele ya hekalu ikilia bila sababu, nilikuwa naacha soya na kutoka nje kumtafuta kwa macho.

Msimu mmoja wa mvua nikaona upuuzi huu umetosha. "Matashichi," nikamwambia, "kibanda chako kinavuja. Hamia kwangu."

Tabasamu likamfutika usoni. "Nitahamaje na mimi si wangu? Wewe umeshazika mume mmoja."

"Hilo ni juu yangu."

"Na kutokukuzikisha wa pili ni juu yangu mimi, Ine."

Akachukua fungu la majani ya mpunga akaenda kuziba paa lake. Nilimpenda yule mtu, wacha niseme waziwazi, nimezeeka na sina wa kumwonea aibu. Nilimpenda mpaka nikawa napenda hata makohozi yake asubuhi. Lakini hakuwa mtu wa kubembelezwa akishaamua, na mimi si mtu wa kubembeleza.

Fuki akakua, akaolewa na Kanroku, msuka vikapu, kijana mpole asiye na makuu. Mwaka ule ninaotaka kuusema alikuwa na mimba yake ya kwanza, na Matashichi alikwisha kusuka ndara ndogo kama kidole gumba.

Kati yetu na kijiji cha Kurami kuna kilima, na kilimani kuna majani. Kabla ya kupanda mpunga unayakata, unayamwaga kwenye majaruba, unayakanyaga na tope yaoze. Bila majani hayo hakuna mpunga, na bila mpunga, unajua mwenyewe. Sisi tunasema kilima ni chetu mpaka kwenye mkondo wa ng'ambo. Kurami wanasema ni chao mpaka kwenye mkondo wa huku. Majira yale Yasoji, mwana wa Genpachi, alipanda kukata, akakutana na watu wa Kurami, wakamnyang'anya mundu.

Mundu wenyewe ulikuwa na kutu, mpini umefungwa kwa kamba. Lakini kwetu ukinyang'anywa mundu kilimani ukanyamaza, umekubali kwamba kilima si chako. Kwa hiyo wanaume wetu wakapanda na fito za mianzi kuurudisha. Walitukanana kwanza, walitukanana vizuri tu, kila mtu na ukoo wake. Halafu wakasukumana. Halafu fito ya Yasoji ikamwangukia kijana mmoja kisogoni, jina lake Heiroku, na Heiroku hakuinuka. Alikuwa mwana pekee wa mjane.

Kengele ya Kurami ikalia mchana kutwa. Vijiji marafiki zao vya chini mtoni vikaitikia, na vyetu vikaitikia. Bwana wa ngome yetu akatuma mjumbe: msiogope, watu wangu, naleta askari niwatetee. Bwana wa upande wao naye akatuma maneno hayohayo, maana walikuwa wanatafutana siku nyingi na sasa wamepata kisingizio. Nimeshatetewa na askari mimi. Wakija kukutetea wanakula mbegu zako, wanachoma nyumba zinazowaziba macho, na wakiondoka unaanza kuhesabu mabinti. Wazee wakaketi hekaluni, wala hawakuketi sana. Njia ilikuwa moja.

Asubuhi yake mvua ilikuwa inanyunya. Genpachi akaja kibandani, na mimi nilikuwa pale na bakuli la uji. Akasema mvua njema. Akasema mfereji umejaa. Akasema sijui nini kuhusu bata. Matashichi akamwonea huruma.

"Mzee, sema tu. Kuni nimeshazifunga."

Tukageuka wote. Kweli, mzigo ulikuwa nyuma ya mlango, umefungwa vizuri, kamba mpya. Genpachi akafuta pua kwa kiganja kama mtoto.

"Ni mwanangu aliyefanya," akasema. "Ni mwanangu, nawe unajua."

"Najua. Ana mkono mzito tangu utotoni. Mwambie asije kuniaga, nitalia bure." Kisha akanigeukia. "Na Fuki asiambiwe kwanza. Kanroku akae naye ndani."

Nilitaka kumrushia lile bakuli. Nilitaka kumshika miguu. Nikafanya nini? Nikamfungua nywele, kwa sababu lazima zifunguliwe, na mwenyewe mikono yake ilikuwa haifanyi kazi. Zilikuwa zimeingia mvi nyuma na sikuwa nimeziona.

Wazee wakatangulia, yeye katikati, mimi nyuma. Genpachi akasimama. "Ine, rudi. Huku wanawake hawaendi."

"Njia ni ya kijiji, na mimi ni wa kijiji. Tembea, mzee, unatulowesha."

Langoni kwa Kurami walikuwa wamejaa. Mbele alisimama Denbei, ami wa marehemu Heiroku, panga wazi mkononi. Kando yake mwanamke mdogo, mkavu, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko kwa kazi ya kutia nguo rangi. Huyo ndiye Toku, mama yake Heiroku. Matashichi akapiga magoti kwenye tope, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa chini, na kuni zake mgongoni.

"Huyu tunamjua," Denbei akasema kwa sauti. "Huyu mlimwokota kwenye theluji. Heiroku alikuwa na mama, alikuwa na shamba, alikuwa na jina. Nanyi mnatuletea mtu asiye na mbele wala nyuma? Ndiyo bei yetu hiyo?"

Watu wakaguna. Toku akamnyamazisha kwa mkono, akaanza kumzunguka Matashichi polepole, akimtazama kama unavyotazama ng'ombe wa kuuzwa. Akasimama mbele ya wazee wetu.

"Nani atamlilia huyu?"

Akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Nauliza. Mimi sijala tangu juzi. Nani atakosa kula kwa ajili ya huyu? Kama hayupo, mwondoeni hapa. Mwanangu simbadilishi na kitu kilichotupwa. Wacha mabwana waje."

Wazee wetu wakatazama miguu yao. Msiwaone wabaya. Walikunywa naye, walicheka naye, ila utamwambiaje mtu mbele za watu kwamba unampenda, na wewe ndiye uliyemleta akatwe?

Na mimi, papo hapo, nikaelewa jambo moja. Nikinyamaza, wanamkataa. Wakimkataa, anarudi nyumbani, leo hii anakula kwangu na kuitukana tofu yangu. Vita vitakuja, ndiyo. Lakini atakuwa hai. Nikilia, anatosha. Akitosha, lile panga liko pale.

Nikafyata ulimi. Nikauma mdomo mpaka nikaonja damu.

Ndipo Matashichi alipoinua uso kwenye tope na kunitafuta. Nilidhani anataka ninyamaze, ni mwanadamu, nani anataka kufa? Nikatikisa kichwa kumwambia usiogope, sitasema. Akaendelea kunitazama. Macho yake yakaenda njia tuliyotoka, kule alikokuwa Fuki na tumbo lake na Kanroku wake asiyejua hata kushika fimbo, yakarudi kwangu. Hakuwa ananiomba nimwokoe. Alikuwa ananiomba nimlilie.

Loo, nikalia. Kilio kilinitoka tumboni kama kinyama kilichofungiwa.

"Mimi! Mimi nitamlilia!" nikapiga kelele, nikawasukuma wazee, nikaanguka kwenye tope karibu yake. "Anaimba vibaya, na kesho asubuhi nikiamka kimya nitakufa! Anakuja kwangu kila siku, anakula, anatukana, harudishi bakuli! Nilimwambia ahamie kwangu akakataa, mjinga huyu, eti nisiwe mjane mara mbili! Ana binti nimemnyonyesha mimi, na binti ana mimba, na mtoto ameshasukiwa ndara! Nani kawaambia ametupwa? Nani? Mlete hapa nimng'oe meno!"

Sijui nilisema mangapi mengine. Najua kwamba nyuma yangu mzee Genpachi alipiga magoti na kuanza kulia kwa sauti, kisha na wengine, wanaume wazima, mvua inawanyeshea. Toku hakunizuia. Alisimama akanisikiliza mpaka sauti ikanikauka.

"Basi," akasema. "Anatosha."

Denbei akainua panga. Nikafumba macho.

"Weka chini hilo, shemeji. Nimesema anatosha, nani kasema umkate? Kichwa chake nikifanyie nini mimi? Kitanichotea maji?" Ilikuwa sauti ya Toku, nikafumbua macho. "Mwanangu alikuwa ananichotea maji kila asubuhi. Leo nimechota mwenyewe, nikaanguka. Huyu atakaa kwangu. Siku akikanyaga Obata, ndiyo siku Heiroku kafa upya, na hapo mtafanya mnavyotaka."

Denbei alinung'unika, lakini maiti ilikuwa ya Toku na neno lilikuwa lake. Mundu wetu ukarudishwa pamoja na salamu. Wajumbe wakaenda ngome zote mbili kusema jambo limekwisha, na nasikia mabwana wote wawili walikasirika. Matashichi akainuka, akavushwa lango na mzigo wake wa kuni, wala hatukupata kuagana.

Fuki nilimwambia mwenyewe. Alinipiga ngumi za kifua mpaka akachoka, kisha akalaza kichwa mapajani pangu kama zamani. Tulikaa hivyo mpaka Kanroku akaja kuwasha moto. Na asubuhi nyumba ilikuwa kimya, kama nilivyojua itakavyokuwa.

Nikavumilia siku chache, zikanishinda. Nikafunga jiwe langu la kusagia soya mgongoni, nikapanda kilima. Genpachi akanifuata akihema.

"Ine, yule hawezi kurudi, unajua."

"Najua. Ndiyo maana naenda."

"Mwanamke wa Obata akaishi Kurami? Watu watasema nini?"

"Watasema tofu imepungua Obata. Niache."

Toku nilimkuta uani anatwanga rangi yake. Hakuinua macho. "Umefuata nini?"

"Nimemfuata wangu."

"Wako yupi? Huyu ni wangu sasa. Ulimlilia, nikampokea."

"Basi nipokee na mimi."

Akanitazama kuanzia miguu hadi lile jiwe. "Unajua kazi gani?"

"Tofu."

"Ingia. Lakini kwangu usilie tena, masikio yangu bado yanavuma."

Matashichi alikuwa kisimani, ndoo mbili begani. Aliponiona akatua moja juu ya mguu wake.

"Ine, umekuja kufanya nini huku?"

"Nimekuja kukuuliza swali. Obata wameshakutoa. Ile ahadi yako imekwisha, umeitimiza, hudaiwi. Sasa una kisingizio gani?"

Akaketi ukingoni mwa kisima. Akafikiri, alifikiri kwelikweli, uso umekunjamana.

"Sina," akasema.

"Mkimaliza, maji!" Toku akapaza sauti kutoka uani.

Tukaishi watatu, na sitawadanganya kwamba ilikuwa asali. Yule mama hakumwita Matashichi kwa jina hata siku moja. Wewe, maji. Wewe, kuni. Kila alfajiri Matashichi aliiwekea roho ya Heiroku bakuli la kwanza la wali, kabla ya mtu yeyote kula, na Toku alikaa nyuma yake akihakikisha amejaza vizuri. Kuimba alikatazwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili Toku akasema nyumba ina kimya cha kuudhi, aimbe, ila polepole. Fuki alikuwa akipanda kilimani na mtoto siku za kukata majani, nasi tukipanda upande wetu, tukala pamoja pale mkondoni. Wanaume wa vijiji vyote viwili walikuwa wakikata na kutazamana kwa jicho la pembeni, lakini aliyetaka kuanza matusi alikumbushwa nani anakaa kwa nani. Kote bondeni mabwana waliendelea kuchomeana nyumba. Kilima chetu hakikuwaka.

Toku aliugua mwanzo wa theluji. Macho yalikuwa yameshamwisha, na siku za mwisho akili ikawa inakuja na kuondoka. Siku yenyewe ndugu walijaa nyumbani, Denbei amekaa upande wa kichwa chake, mimi jikoni, Matashichi mlangoni na uji wake mkononi. Yule mama akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Heiroku?" akaita. "Ndiyo umerudi saa hizi? Huko kilimani si kuna baridi?"

Denbei alimtazama Matashichi, watu wote wakamtazama. Mtu aliyeletwa hapo kama muuaji. Matashichi akatua bakuli, akaenda kwa magoti mpaka kitandani, akaushika ule mkono wa bluu.

"Nimerudi, mama," akasema. "Hakuna baridi. Majani nimeyakata yote."

"Hujagombana na mtu?"

"Sijagombana na mtu, mama."

"Vizuri." Akapapasa kwa mkono wake wa pili. "Na mkeo yuko wapi, yule mwenye kelele?"

Denbei akainuka kimyakimya, akaniachia nafasi yake. Nikasogea, nikaketi, nikaushika mkono wa pili.